Nyonga ya Mzee: Nusu, Nzima, Skrubu au Kungoja?

Mzee akiambiwa anahitaji nyonga bandia, ndugu hukusanyika na kila mmoja huja na mfano wake. Huyu ana shangazi aliyefanyiwa, na sasa anapanda daladala bila fimbo. Yule anamkumbuka babu wa jirani ambaye hakurudi nyumbani. Mifano yote miwili ni ya kweli, ila haihusu jambo moja. Shangazi alikuwa na nyonga iliyosagika polepole kwa miaka. Alipangiwa tarehe, akapimwa, akaingia chumba cha upasuaji akiwa na nguvu zake. Babu aliteleza bafuni, fupa la paja likakatika shingoni, akafikishwa hospitali baada ya siku kadhaa za kukandwa na kuvutwa nyumbani, presha iko juu na kifua kinakoroma. Kifaa walichowekewa kinaweza kuwa kilekile. Hatari waliyoingia nayo haifanani hata kidogo.

Kumbukumbu za Uingereza na Wales zinaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Kwa watu zaidi ya 400,000 waliobadilishwa nyonga kwa sababu ya kusagika kati ya 2003 na 2011, vifo ndani ya siku 90 vilishuka kutoka 0.56% hadi 0.29%, yaani watu wapatao 3 kwa kila 1,000. Kwa wazee waliovunjika nyonga, nchi nyingi huhesabu vifo kati ya 20 na 30 kwa kila wagonjwa 100 ndani ya mwaka mmoja. Wengi wao hawaondolewi na kile kifaa. Wanaondolewa na moyo, mapafu, damu iliyoganda, vidonda vya kulala muda mrefu, na udhaifu waliokuwa nao kabla hawajaanguka.

Ndiyo maana hapa nalinganisha mara mbili, kila safari na chaguo zake. Ninakoegemea nakusema mapema: kwa nyonga iliyosagika mna muda wa kufikiri, utumieni. Kwa nyonga iliyovunjika muda ndio adui, na kifaa cha kawaida kikiwekwa mapema kina faida kuliko kifaa cha kifahari kinachosubiriwa wiki tatu mzee akiwa amelala chali.

Nyonga iliyosagika: upasuaji au mazoezi na dawa

Nyonga hufanya kazi kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha fupa la paja, cha mviringo, kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kati yao kuna gegedu laini. Gegedu likiisha, mfupa unasuguana na mfupa. Maumivu ya nyonga yenyewe hukaa kwenye kinena na mara nyingi hushuka hadi goti. Maumivu ya juu ya tako peke yake mara nyingi yanatoka mgongoni, na kubadilisha nyonga hakutayaponya. Hili lithibitishwe kwa picha na kwa uchunguzi wa mikono ya daktari kabla ya kuzungumzia pesa.

Je, mazoezi yanaweza kuchukua nafasi ya kisu? Utafiti uliofanyika Denmark na kutolewa mwaka 2024 uliwapima watu 109 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wote nyonga zao zikiwa zimesagika vibaya. Kundi moja lilipangiwa upasuaji, jingine mazoezi ya kujenga misuli chini ya usimamizi. Baada ya miezi 6, kwa kipimo chenye alama 48 kinachohusu maumivu na uwezo wa kufanya shughuli, kundi la upasuaji lilikuwa limepanda alama 15.9 na kundi la mazoezi alama 4.5. Mtu mmoja kati ya kila watano wa kundi la mazoezi alikuwa ameshafanyiwa upasuaji kabla ya miezi hiyo kwisha.

Tofauti hiyo ni kubwa. Nyonga ikiwa imekwisha kweli, mazoezi hayafiki ilipofika nyonga bandia. Lakini upande wa pili wa matokeo hayohayo unawahusu wale wanne kati ya watano waliokuwa hawajafanyiwa upasuaji: miezi 6 ya kungoja huku mtu akijenga misuli haikuwaangamiza. Kwa mzee mwenye kisukari kisichotulia, damu pungufu, jino bovu lenye usaha au anayevuta sigara, miezi hiyo ni ya thamani kuliko dawa yoyote atakayopewa siku ya upasuaji. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kishuke, jino ling'olewe, damu ipande. Vimelea vikishajenga makazi kwenye chuma, dawa za kumeza haziviondoi. Mara nyingi inabidi nyonga ifunguliwe tena na vyuma vyote kuondolewa. Maambukizi ya aina hiyo hutokea kwa mtu mmoja hivi kati ya kila 100, na wenye sukari ya juu wako karibu zaidi na bahati hiyo mbaya.

Hofu nyingine ninayoisikia sana ni kwamba nyonga bandia "inaisha muda wake", kwa hiyo mzee angoje. Kwa wazee hoja hiyo imegeuzwa kichwa chini. Uchambuzi mkubwa wa kumbukumbu za kitaifa uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba takriban 58% ya nyonga bandia bado zilikuwa mahali pake baada ya miaka 25. Mtu wa miaka 50 ana sababu ya kufikiria upasuaji wa pili. Mtu aliyefanyiwa akiwa na zaidi ya miaka 70 ana uwezekano wa kama 5% tu wa kuhitaji kurudiwa katika maisha yake yote yaliyobaki. Kifaa kitamtosha. Cha kuogopa zaidi ni angoje hadi misuli ya paja inyauke na ashindwe kuinuka kitini, maana atakayeingia chumba cha upasuaji akiwa hatembei ndiye anayetoka kwa shida.

Hivi ndivyo chaguo lilivyo kwa upande wa kusagika. Maumivu yakimwamsha usiku, akishindwa kuvaa kiatu au kuingia kwenye gari, na dawa na mazoezi vimejaribiwa kwa dhati, upasuaji unashinda. Kabla ya hapo, kungoja hakuna hasara.

Nyonga iliyovunjika: kwanza angalieni imevunjika wapi

Mguu wa aliyevunjika nyonga mara nyingi unajieleza: umekuwa mfupi kuliko mwenzake na kidole gumba cha mguu kimegeukia nje. Lakini wapo wanaovunjika na bado wakasimama, wakachechemea hadi jikoni, na familia ikadhani ni kuteguka. Mzee aliyeanguka na kulalamikia kinena apigwe picha siku hiyohiyo.

Picha itaonyesha moja kati ya mambo matatu, na kila moja lina njia yake. Msiruhusu mazungumzo ya kifaa yaanze kabla hamjajua ni lipi.

Mfupa unaweza kuwa umekatika chini ya shingo, kwenye vinundu vikubwa vya fupa la paja. Sehemu hiyo ina damu ya kutosha na huunga. Hapo kwa kawaida habadilishwi nyonga: anawekewa pleti yenye skrubu nene au chuma kirefu ndani ya mfupa. Ndugu akisikia mtu wa kitanda cha pili amewekewa nyonga mpya, asidhani mzee wake amenyimwa.

Au umekatika shingoni ila vipande havijaachana. Hapo skrubu zinaweza kushikilia na kichwa cha mfupa kikabaki cha mwenyewe. Ni upasuaji mdogo, tundu dogo, damu kidogo. Bei yake inakuja baadaye: katika utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2017 uliolinganisha aina mbili za kushikilia shingo iliyovunjika, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alirudi chumba cha upasuaji ndani ya miaka 2, kwa aina zote mbili. Utafiti huo ulijumuisha pia baadhi ya waliovunjika vipande vikaachana, kwa hiyo kwa mfupa ambao haujaachana bado ni chaguo la maana.

Au umekatika shingoni na vipande vimeachana. Mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa hupita shingoni, na vipande vikiachana mishipa hiyo hukatika. Kichwa kinabaki ndani ya kikombe bila damu, na mfupa usio na damu hauungi. Kwa mzee, hapa ndipo nyonga bandia inapoingia, na hapa ndipo familia nyingi hukwama kwenye neno "nusu" na "nzima". Kabla ya kufika huko, kuna chaguo la nne ambalo halisemwi hospitali lakini linasemwa sana nyumbani.

Kumlaza na kumvuta mguu

Tiba ya kulala na uzito uliofungwa mguuni, au kumpeleka kwa mganga wa kuunga mifupa, inachaguliwa kwa sababu mbili zinazoeleweka: pesa na woga. Siwalaumu wanaochagua hivyo. Lakini shingo iliyoachana haitaunga kwa kulala, hata akivutwa miezi mitatu. Katika muda huo ngozi ya juu ya mkia na visigino inachubuka, mapafu yanajaa, damu inaganda kwenye miguu, na misuli inakwisha. Maumivu ya kugeuzwa kila akibadilishwa nguo yanamfanya akatae kugeuzwa, na kukataa huko ndiko kunakoleta kidonda.

Kuna mzee mmoja ambaye kutomfanyia upasuaji kunaweza kuwa uamuzi wa heshima: yule ambaye kabla ya kuanguka alikuwa tayari hatoki kitandani, hasemi neno la kueleweka, na magonjwa yamembana. Uholanzi waliwafuata wazee 172 dhaifu wa aina hiyo waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, na matokeo yakatolewa mwaka 2022. Familia na wazee walizungumza na madaktari kwa uwazi, kisha wakachagua. Kati ya ambao hawakufanyiwa, 83% walifariki ndani ya siku 30. Kati ya waliofanyiwa, 25%. Hata hivyo hali ya maisha kwa siku walizokuwa nazo haikuwa mbaya kuliko ya waliofanyiwa, na familia nyingi ziliridhika na namna wazee wao walivyoondoka. Kilichofanya iwe hivyo ni dawa kamili za maumivu na uangalizi wa karibu. Kumwacha mzee mwenye nguvu zake nyumbani bila morfini na bila muuguzi, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza bei, ni jambo jingine kabisa, na linaumiza.

Nusu nyonga na nyonga nzima

Nusu nyonga inabadilisha kichwa cha fupa la paja tu. Kikombe kinabaki cha mwenyewe, na kichwa cha chuma kinazunguka kwenye gegedu lake. Nyonga nzima inabadilisha kichwa na kuweka kikombe kipya pia. Nyonga nzima ya kisasa ilianzia hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, kwa mikono ya John Charnley. Kichwa kidogo cha chuma, kikombe cha plastiki ngumu, na saruji ya mifupa inayoshikiza kifaa kwenye mfupa.

Kwa wazee waliovunjika, ulinganisho mzito zaidi tulionao ulitolewa mwaka 2019. Watu 1,495 wa miaka 50 na zaidi, wastani wa umri kama miaka 79, katika hospitali 80 za nchi 10, waligawanywa kwa kura kati ya nusu na nzima. Wote walikuwa wakitembea wenyewe kabla ya kuanguka. Ndani ya miaka 2 ilikuwa hivi:

| Kilichotokea | Nusu nyonga | Nyonga nzima |
|---|---|---|
| Kurudi tena chumba cha upasuaji | 8.3% | 7.9% |
| Nyonga kuchomoka au kukosa uimara | 2.4% | 4.7% |
| Matatizo makubwa ya kiafya | 36.7% | 41.8% |
| Vifo | 13.1% | 14.3% |

Kwa uwezo wa kutembea na kwa maumivu, nyonga nzima iliongoza, lakini kwa kiasi ambacho watafiti wenyewe walikiona ni kidogo mno kuhisiwa na wagonjwa wengi. Ukiisoma jedwali hiyo kwa haraka utasema zote sawa. Ukiisoma polepole utaona nyonga nzima inachomoka mara mbili zaidi. Kuchomoka si jambo la kupuuza: mguu unafupika ghafla, mzee analia, na inabidi arudishwe hospitali apewe dawa ya usingizi ili irudishwe mahali pake. Ikichomoka mara ya pili, imani ya mzee kwa mguu wake inakwisha.

Upande wa nusu nyonga una kasoro yake ya kuja taratibu. Chuma kinasugua gegedu la kikombe, na baada ya miaka kinena kinaanza kuuma tena. Mzee wa miaka 85 anayetembea ndani ya nyumba huenda asifike huko. Mama wa miaka 66 anayeshinda sokoni atafika.

Mwongozo wa Uingereza unaeleza wa kupewa nyonga nzima kwa masharti matatu ninayoyaona ya busara: alikuwa akitembea nje peke yake, kwa fimbo moja isizidi; hana ugonjwa au hali inayofanya upasuaji huo usimfae; na anatarajiwa kujitegemea katika shughuli za kila siku kwa zaidi ya miaka 2. Akikosa moja, nusu nyonga.

Chukueni wazee wawili. Bi mkubwa wa miaka 68 anauza samaki, anapanda boti, anakumbuka deni la kila mteja. Alianguka kwenye ngazi za soko. Huyu aombewe nyonga nzima, mradi daktari wa kuiweka yupo na anaiweka mara kwa mara, na mradi haitamchelewesha. Mzee wa miaka 84 anayezunguka uani kwa kushika ukuta, anayesahau kama amekula, hawezi kukumbuka kwamba hatakiwi kukunja mguu kupita kiasi, nyonga isichomoke. Nusu nyonga itamwacha salama zaidi, na hakuna alichonyimwa.

Sasa ugumu wa kweli: bi mkubwa yuko hospitali ya mkoa ambako nusu nyonga inaweza kuwekwa keshokutwa, na nyonga nzima inahitaji rufaa ya Dar es Salaam au Nairobi, kukusanya pesa, kungoja kitanda. Kwa tofauti ndogo iliyoonekana kwenye jedwali hapo juu, mimi ningempa nusu keshokutwa. Nusu nyonga ikianza kuuma baada ya miaka, inaweza kubadilishwa kuwa nzima. Kidonda cha kulala na nimonia alivyovipata akingoja havibadilishwi na chochote.

Kifaa cha zamani au kipya, saruji au bila saruji

Hospitali nyingi zetu zina vifaa vya nusu nyonga vya zamani, vya muundo wa Thompson au wa Austin Moore, na familia yenye uwezo huambiwa kwamba wakinunua kipya mzee atapona vizuri zaidi. Mwaka 2018 Uingereza walilinganisha Thompson iliyowekwa kwa saruji na kifaa cha kisasa kwa wazee 964. Baada ya miezi 4 hali yao ya maisha haikutofautiana. Hii ni habari njema kwa mfuko mdogo.

Ambacho hakina budi kuzingatiwa ni saruji. Muundo wa Austin Moore kwa kawaida hupigiliwa ndani ya mfupa bila saruji, na mfupa wa mzee ni mwepesi. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Uingereza uliwagawa wazee 1,225 kati ya nusu nyonga ya saruji na ya kisasa isiyo na saruji. Wenye saruji waliishi vizuri zaidi miezi 4 baadaye, na mfupa kuvunjika kandokando ya chuma ulitokea kwa 0.5% yao, dhidi ya 2.1% ya wasio na saruji. Saruji ina hatari yake: inaposukumwa ndani, mara chache presha na oksijeni hushuka ghafla, na mtu anaweza kufia mezani. Daktari wa usingizi awe amejiandaa, hasa kwa mwenye moyo dhaifu. Lakini kwa jumla waliowekewa saruji hawakufa zaidi. Swali moja la kumuuliza daktari, kama mnaweza kuuliza moja tu kuhusu kifaa, liwe hili: kitawekwa kwa saruji?

Saruji yenye dawa mbili za kuua vimelea kwa kiwango kikubwa huuzwa ghali kuliko ya kawaida yenye dawa moja. Mwaka 2023 matokeo ya wagonjwa karibu 5,000 yalitoka: maambukizi ya ndani yalikuwa 1.2% kwa saruji yenye dawa mbili na 1.7% kwa ya kawaida, tofauti ambayo haikuweza kuthibitishwa. Pesa hiyo iende kwenye fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba.

Kuhusu sindano ya ganzi mgongoni na nusu kaputi, sitakaa sana. Marekani na Canada waliwagawa watu 1,600 kwa njia hizo mbili. Waliofariki au kushindwa kutembea baada ya siku 60 walikuwa 18.5% kwa sindano ya mgongo na 18.0% kwa nusu kaputi, na kuchanganyikiwa baada ya upasuaji kulilingana. Mwachieni daktari wa usingizi achague njia aliyoizoea.

Saa na siku

Mwaka 2020 matokeo ya wagonjwa 2,970 katika nchi 17 yalilinganisha upasuaji ndani ya saa 6 hivi tangu ugunduzi na upasuaji wa kawaida, ambao huko ulikuwa saa 24. Vifo havikupishana kwa maana, 9% na 10%. Lakini waliowahi walichanganyikiwa kwa uchache zaidi, wakasimama mapema na kutoka hospitali mapema. Tuangalie "kawaida" ya huko: saa 24. Mwongozo wa Uingereza unataka siku ileile au inayofuata. Kwetu wengi hufika baada ya siku, wengine baada ya wiki.

Kwa hiyo vitu vinavyopoteza siku ndivyo vya kupigana navyo. Damu ya akiba: ndugu waende kuchangia asubuhi ileile. Bima: waulizeni kama inalipia kifaa chenyewe au upasuaji tu, kwa sababu mara nyingi kifaa kina hesabu yake, na jibu hilo likija siku ya tatu mzee ameshapoteza siku tatu. Presha iliyopanda kidogo kwa maumivu si sababu ya kuahirisha wiki nzima. Ombeni sindano ya ganzi kwenye kinena, maumivu yashuke, mara nyingi presha hushuka nayo.

Wodini na nyumbani

Siku inayofuata upasuaji mzee asimamishwe. Inatisha kuona: muuguzi mmoja kwapani, mwingine miguuni, fremu ya kutembelea mbele, na mzee anatetemeka akisema mtamvunja tena. Hatavunjika. Kifaa kilichowekwa kwa saruji kinabeba uzito mara moja. Hatua mbili hadi kwenye kiti siku ya kwanza zinatosha.

Usiku wa pili au wa tatu wazee wengi huchanganyikiwa. Anamwita marehemu mumewe, anavuta mpira wa mkojo, anamtukana binti yake. Familia hudhani amerogwa au akili imeharibika moja kwa moja. Mara nyingi ni maumivu, kiu, homa ya mkojo, choo kilichofunga au dawa kali, na hupungua sababu ikitafutwa. Mtu anayemfahamu akae naye, miwani yake avae, taa iwake mchana na kuzimwa usiku, aambiwe alipo bila kubishiwa.

Sindano au vidonge vya kuzuia damu isigande hutumiwa kwa takriban mwezi mmoja, na hukatizwa nyumbani kwa sababu "kidonda kimepona". Msivikatize. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni hospitali usiku huohuo. Kidonda kikiendelea kutoa maji baada ya wiki, msikitibu kwa dawa za duka. Arudi kwa aliyemfanyia.

Kuchomoka kwa nyonga kunapangwa na maisha ya nyumbani kuliko mtu anavyodhani. Mkato wa upasuaji uliopitia nyuma ya nyonga unamkataza mzee kukunja nyonga kupita pembe ya kiti cha kawaida na kuupeleka mguu ndani. Mkato wa mbele una makatazo mengine, kwa hiyo mwulizeni daktari alipitia wapi. Sasa fikirieni siku ya bibi wa pwani: anakuna nazi akiwa amekaa kwenye mbuzi, magoti karibu yaguse kifua, anafua kwenye beseni, anachuchumaa chooni, anasujudu. Kila moja la hayo linaikunja nyonga kupita mpaka. Kwa wiki za mwanzo nazi akune mjukuu, kiti cha plastiki kikatwe tundu na kuwekwa juu ya choo cha shimo, na bibi aswali amekaa kitini, jambo ambalo mgonjwa ameruhusiwa. Kwa aliyewekewa nyonga nzima makatazo haya yana uzito zaidi, na bibi asiyeweza kuishi bila mkeka na kigoda aseme hivyo kabla kifaa hakijachaguliwa. Ni sababu halali ya kuchagua nusu.

Na kuna dawa ambayo husahaulika kabisa. Aliyevunjika nyonga kwa kuanguka tu kutoka alipokuwa amesimama ana mifupa iliyopungua, na nyonga ya pili iko njiani. Utafiti wa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa 2,127 dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, mara moja kwa mwaka, au dripu isiyo na dawa, ya kwanza ndani ya siku 90 baada ya upasuaji wa nyonga iliyovunjika. Waliopata dawa walivunjika tena kwa 8.6%, wasiopata kwa 13.9%, waliofariki walikuwa 9.6% na 13.3%. Figo hupimwa kwanza, na kalsiamu na vitamini D hutangulia. Katika maandishi yote haya hakuna tofauti ya kifaa iliyopunguza vifo kwa kiasi hicho, na bado wazee wengi hutoka wodini bila mtu yeyote kuitaja. Itajeni ninyi, siku ya kuondolewa nyuzi.